Majuma Kumi na Moja ya Kuzoeza Burashi

Kwa majuma saba niliidanganya familia moja ya hapa Butembo juu ya burashi ya kunyolea ndevu. Burashi ilikuwa tayari tangu juma la nne, lakini niliendelea kusema bado mpaka juma la kumi na moja. Katika miaka arobaini ya kazi ya kinyozi sikuwahi kumdanganya mteja hata juu ya wembe butu. Ninawaandikia vijana wanaofungua saluni leo mjini, wenye mashine za umeme, ambao wengi wao hawajawahi kushika burashi ya manyoya. Ili waelewe uongo wangu, lazima kwanza waielewe burashi.

Nilianza kazi katika misioni moja ya hapa, nikiwa nimetoka kuoa. Mkubwa wangu alikuwa Bruda Ekonomo, mtawa aliyesimamia vitu vyote vya nyumba ile, kuanzia mbao hadi mishumaa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwanyoa mapadre, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Siku ya kwanza nilifika na mikono niliyoisugua hadi ikawa myekundu kwenye vidole, nikitegemea kupewa wembe. Akanipa burashi mpya, bado inanuka.

“Wembe itangoya,” akasema. “Mwezi moja utaishi na iyi.”

Sisi tunaiita blero. Ni jina la Kifaransa, la burashi na pia la mnyama anayetoa manyoya yake: mnyama wa nchi za baridi, mwenye mistari myeusi na myeupe usoni, ndugu wa mbali wa nyegere wetu. Manyoya hayo yana sifa moja ambayo nywele za nguruwe hazina: yanashika maji mengi, na yakishazoezwa, ncha zake huwa laini kama kitambaa. Lakini yanapotoka dukani hayafai. Yananuka mnyama, yamebanana, na yanameza povu la sabuni yasilirudishe. Ukimpaka mtu usoni, povu linabaki ndani ya burashi, uso unabaki mkavu, na wembe unakwaruza.

Bruda alinionyesha namna ya kuizoeza. Unaiosha kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa sababu moto unalegeza gundi inayoshika shina la manyoya kwenye mpini. Unatengeneza povu zito katika kiganja, unaliacha ndani ya manyoya mpaka kesho yake, halafu unasuuza, unakamua kwa kubonyeza bila kusokota, unakung'uta, na unaitundika manyoya yakitazama chini. Haikaushwi juani wala karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Siku za kwanza nywele chache zinadondoka, usiogope. Zikiendelea kudondoka baada ya majuma mawili, shina ni bovu. Harufu inaondoka kwenye povu la nne au la tano. Mwishoni ncha zinachanua. Unaigusisha nyuma ya mkono, na povu linakuja lenyewe. Hapo tunasema imeiva.

Nilifanya hivyo mwezi mzima bila kugusa uso wa mtu. Padre mmoja akanitania kwamba nimeajiriwa kumlea mnyama wa Bruda. Siku ya thelathini Bruda aliketi kwenye kiti, akafunga macho, akaniambia nimpake povu. Nilipomaliza hakunisifu. Alininyooshea wembe tu.

Baada ya miaka tisa niliteremka Beni, kwenye hoteli moja ambako wanunuzi wa kahawa na kakao walilala, pamoja na maofisa wa jeshi. Huko joto ni jingi. Burashi iliyohitaji siku moja na nusu kukauka katika ukungu wa Butembo, Beni ilikauka kabla ya saa sita mchana. Mkubwa wangu alikuwa Jera, yaani meneja wa hoteli, mtu wa haraka katika kila jambo. Nilipomwambia kwamba blero mpya aliyoileta itataka majuma matatu, alicheka mbele ya wateja. Akauliza kama ninataka pia kuipeleka shule ya msingi. Asubuhi iliyofuata nilikuta ameichemsha katika sufuria jikoni, akaniamuru niitumie. Siku hiyohiyo Komanda mmoja aliinuka kwenye kiti changu na manyoya yamemganda kwenye masharubu kama paka aliyelala kwenye majivu. Komanda alijitazama katika kioo muda mrefu. Kisha akamwita Jera, akamwambia kwa upole kwamba ndevu alikuwa nazo tayari, alikuja kuziondoa, si kuongezewa. Tangu siku ile Jera hakuingia tena katika chumba changu bila kubisha.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa hospitali ya masista, nikarudi baridini. Niliwanyoa wagonjwa kabla ya kupasuliwa, na wazee wasioweza kuinua mikono. Dada Mkuu wa wauguzi alipiga marufuku burashi moja kupita uso hadi uso. Kila mgonjwa alikuwa na wembe wake na kitambaa chake, na povu nililipaka kwa vidole vilivyooshwa. Nilinung'unika mwanzoni. Baadaye, magonjwa mabaya yalipopita katika nchi yetu, nilimshukuru kimoyomoyo.

Kutoka kwake nilichukua sheria niliyoishika hata baada ya kustaafu, ninaponyoa hapa nyumbani kwangu. Kwetu mwanamume aliyefiwa anaacha ndevu ziote. Siku ya kutoa matanga, familia inakusanyika, anakaa kwenye kiti, ananyolewa, na kuanzia hapo watu wanamtaja marehemu kama marehemu. Kwa kazi hiyo ninataka wembe mpya, taulo mpya, na burashi ambayo haijagusa uso mwingine. Baada ya kunyolewa mwenye uso anaondoka navyo. Watu wa mtaa wetu wanaijua sheria hii, na hakuna aliyewahi kunipinga.

Mwalimu Paluku ni jirani yangu na mteja wangu wa miaka mingi. Mwanawe Mumbere alikuwa na shamba la kakao ng'ambo ya Beni, kwenye njia ya kuelekea Kamango. Siku moja watu wenye silaha waliingia mashambani wakachukua watu. Baadhi ya miili ilipatikana. Wa Mumbere haukupatikana. Mwalimu aliacha ndevu kuanzia siku hiyo, na sasa mwaka wa pili unakwisha. Mke wa Mumbere, Masika, anaishi katika nyumba ya Mwalimu pamoja na watoto wawili, na anavaa nguo ileile nyeusi.

Mdogo wake Mwalimu, Kambale, ni mfanyabiashara anayekwenda mpaka Uchina kuleta kufuli na taa. Ndiye anayeendesha mambo ya familia, maana Mwalimu tangu siku ile anasikiliza tu. Kambale alikuja kwangu na blero mpya ndani ya kasha la karatasi. Alisema ameichagua mwenyewe, laini, kwa sababu anajua ngozi ya kaka yake inavimba ikiguswa na nywele za nguruwe. Familia imeamua, alisema. Mumbere hatarudi. Matanga yatolewe, Masika apewe njia, shamba lipate mtu. Alizungumza taratibu na hakuwa mkali. Aliniuliza burashi itachukua muda gani, nikamwambia majuma manne kwa baridi hii.

Kesho yake Mwalimu akaja mwenyewe. Aliketi kwenye benchi, si kwenye kiti. Aliitazama burashi ikiwa imetundikwa dirishani ikidondosha maji.

“Inakamata siku ngapi?” akauliza.

Nikamwambia kama nilivyomwambia ndugu yake. Akashika ndevu zake chini ya kidevu kama mtu anayepima kamba.

“Papa Kwafere,” akasema, maana ndivyo wanavyomwita kinyozi hapa, “usiipeleke mbio iyo kitu.”

Kama angekataa mbele ya familia, angekuwa mzee mkaidi anayemfunga mke wa mwanawe. Kama angekubali, angekuwa amemzika mtoto ambaye mwili wake hakuuona. Burashi ndiyo iliyobaki katikati.

Nina daftari ninaloandikia kila burashi, desturi niliyojifunza kwa Bruda. Juma la nne niliandika: *harufu hakuna, nywele hazidondoki, ncha zimechanua, imeiva*. Kambale alipopita Jumamosi hiyo, nilimwambia harufu bado haijatoka. Juma la tano nikasema nywele zinadondoka. Juma la sita ukungu ulikuwa umezuia kukauka. Juma la saba nililaumu sabuni. Kila nilichosema kiliwahi kuwa kweli kwa burashi fulani, wakati fulani. Kwa hii hakikuwa kweli. Na kila asubuhi niliendelea kuiosha na kuitia povu, nisiweze kuiacha ikauke vibaya, hata nikiwa mwongo.

Juma la kumi na moja Kambale alikuja siku ya kazi, asubuhi, bila kutoa habari. Alinikuta nimeishika. Aliichukua mkononi mwangu, akainusa, akavuta manyoya kwa vidole viwili, hakuna lililotoka. Akaichovya katika maji, akaipitisha juu ya sabuni, akaizungusha nyuma ya mkono wake. Povu likasimama zito na jeupe. Kambale maisha yake yote ni kupima vitu vya watu, huwezi kumficha kitu kizuri.

“Iko tayari tangu lini?”

“Tangu juma ya ine.”

Nilidhani atanitukana, na nilistahili. Akauliza kama kaka yake ndiye aliyeniomba. Nikasema hakuniomba nidanganye, nilimwona tu. Akaketi kwenye kiti, kile cha kunyolea.

“Mwalimu ananiona kama mutu mwenye kuua mutoto wake mara ya pili,” akasema. “Lakini mimi njo nilimubebaka ku mabega, Mumbere. Mimi njo nilimupeleka ku masomo.” Kisha akainua kidevu. “Ninyoe.”

Nikamwambia burashi ikimgusa yeye, haitafaa tena kwa ile kazi.

“Ninajua. Ninyoe.”

Nilimpaka povu. Vijana, jueni hili: mtu akilia chini ya povu, humwoni machoni, unamwona kwenye kidevu. Nyama ya kidevu inatetemeka, na hapo wembe lazima uondoke usoni. Nilisubiri na mkono wangu nyuma, mara mbili. Nilipomaliza alijifuta kwa taulo, akasema ataleta nyingine safari ijayo, akaondoka bila kuaga. Burashi aliibeba, kama sheria inavyosema.

Alikwenda Uchina, akarudi. Nilimkuta sokoni akihesabu makasha, nikamuuliza juu ya burashi. Akasema alisahau. Kambale anakumbuka rangi ya kila kufuli iliyo ndani ya kontena. Sikuuliza tena, na kwa muda nililala vizuri. Niliona kwamba mimi na Kambale, bila mkutano wowote, tulikuwa tumempa Mwalimu nafasi ya kupumua.

Mtu akistaafu, watu humuuliza kazi imemfundisha nini. Mimi nimejifunza kwamba uso unaoupaka povu una watu wengine nyuma yake, na kinyozi anauona ule mmoja tu ulio kwenye kiti. Wakati ninahesabu majuma kwa ajili ya Mwalimu, sikumhesabia Masika hata siku moja.

Alikuja Jumatatu hii. Alisimama mlangoni na kitenge cheusi kilichopauka magotini, akasalimia, akakataa kuketi. Akatoa ndani ya mfuko burashi ya nailoni, yenye mpini wa plastiki wa kijani, ya hapa sokoni, bado imefungwa.

“Papa, banasemaka kwako burashi inachelewaka kuiva,” akasema. “Iyi haichelewake.”

Nikaanza kumweleza juu ya ngozi ya baba mkwe wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema mama yake ni mgonjwa huko Masereka, na hawezi kwenda kulala kwao kumwuguza akiwa katika matanga ambayo hayajaisha. Vilevile hawezi kwenda kama mke, maana mume wa kumwomba ruhusa hayupo.

“Mimi siko nasema Mumbere alikufa. Nikisikia mulango usiku, njo mimi ninaamukaka wa kwanza. Lakini muniambie kitu moja, ninyi bababa. Mimi ni mujane, ao niko na bwana?”

Akaweka burashi juu ya meza, kando ya daftari langu.

“Posho nitaleta Mwalimu mwenyewe,” akasema. “Batoto batakuwa kwa Kambale.”

Posho ndiyo Jumamosi. Nailoni haizoezwi. Haina harufu ya kutoka wala ncha za kuchanua. Unaifungua, unailowesha, unapaka. Wembe mpya ninao, taulo ninayo. Leo ni Alhamisi, na Mwalimu, ambaye asubuhi hii alipita akanisalimia akielekea misani, bado hajaambiwa.