Punje Zilizokunyaa

Fundi Baiskeli hakujua kukaa kitako, na msimu ule ndipo alipozidi. Mwanawe alikuwa amepanda mahindi ya kulisha kuku ng'ambo ya mfereji, wiki ileile baba yake alipopanda mahindi matamu, mbegu aliyoachiwa na mama yake. Zamani majirani waliulizana kabla ya kushika jembe, maana upepo ukichanganya chavua, utamu umekwisha. Siku hizi kila mtu na lake.

Basi mzee akakata mikono ya mashati yake makuukuu, akayavalisha mahindi machache kabla hayajatoa nywele, chavua ya ng'ambo isiyafikie, kisha akayachavusha mwenyewe kwa mkono.

"Baba, yanasikia baridi?" mwanawe alimtania.

"Pita zako. Shukuru sijafika kabatini kwako."

Alipovuna, aliyaning'iniza jikoni. Anayapapasa, anarudi kitini, anainuka tena. Akiba ya mwaka jana ilikwisha kuliwa na panya. Mbegu ilikuwa hiyo tu. Siku aliyoitwa kuunga mnyororo wa baiskeli, alifunga kazi mbiombio akarudi nyumbani.

Mke wa mwanawe alimpokea mlangoni, ungo mkononi. "Leo pumzika, Baba. Nimeshakupukuchulia yote, na mbegu nimechagua."

Punje zilikuwa nono, zinang'aa. Mzee alizipekua kwa kidole.

"Zilizokunyaa ziko wapi?"

"Zile mbovu? Nimewamwagia kuku."

Mahindi matamu yakikauka hukunyaa. Zile nono ndizo zilizoharibiwa na upepo uliopenya vitambaa. Kwa mama yake hakuna aliyefundishwa hayo. Nyumba nzima ilikaa chini kupukuchua, watu wakichekana, na vidole vikajua vyenyewe. Yeye miaka yote alipukuchua peke yake, mlango umefungwa, asisumbuliwe. Angemlaumu nani?

 Alikwenda bandani, akafukuza kuku, akapiga magoti kwenye mavi na pumba. Mkwewe akamfuata, akakunja gauni, akainama pembeni yake.

"Zikoje, Baba?"

"Kama uso wangu."

Mkwewe alicheka. Akachakura kwa vidole. "Hii?"

"Jiwe hilo."

"Na hii?"

Mzee aliipokea, akaigeuza kwenye mwanga. "Hiyo ndiyo." Akaitia kinywani, akaisukuma shavuni kwa ulimi, maana mifuko yake yote ina matundu, akarudi kutafuta nyingine.