Nyumba Iliyoupa Mlima Mgongo

Wiki iliyopita fundi kijana alikuwa akibandua plasta ya zamani kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, kule chini ya mlima, nje kidogo ya Mbale. Ghafla nyundo ikanyamaza, akaniita. Plasta ilikuwa imeanguka kwa vipande vikubwa na matofali yalionekana waziwazi, mekundu, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Katikati ya ukuta, hata hivyo, palikuwa na umbo refu, kama kivuli cha mtu aliyesimama wima: matofali ya rangi iliyofifia kidogo, yasiyoshikana na wenzake wa pembeni. Juu yake boriti ya linta ilikuwa imelala, na kwenye usawa wa kifua palikuwa na kile kidirisha kidogo tulichokizoea sote.

"Dada, hapa palikuwa na mlango?"

"Mlango wa mbele," nikamjibu.

Akageuka akautazama mlima uliotuinamia, akautazama ukuta, kisha akacheka taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyeona doa kwenye shati la mgeni. Nilimweleza kwa maneno machache, maana saruji yake ilikuwa imekwisha kuchanganywa. Wewe huna saruji inayokungoja, kwa hiyo nitakueleza yote.

Nilizaliwa katika laini za askari magereza, Jinja. Baba alikuwa askari wa gereza, na hakuna jirani aliyemwita kwa jina. Kwa wote alikuwa Afande. Nyumba zetu zilipangwa mstari mmoja, zote zikatazama uwanja wa gwaride, chumba na sebule, chokaa nyeupe juu na lami nyeusi chini. Mlango ulikuwa mmoja, nao ulitazama kule mkubwa anakotokea asubuhi kukagua. Baba aliishi hivyo miaka ishirini na zaidi. Akilini mwake nyumba ilikuwa kitu chenye uso, na uso wake hutazama juu, aliko mkubwa.

Laini zilikuwa na starehe zake. Jioni uliweza kujua kila nyumba inapika nini kwa kupita tu, na Jumamosi tulikwenda na mama hadi ufukweni Masese kuchagua samaki wa moshi na dagaa, ambao kule huitwa mukene. Lakini nyumba haikuwa yetu. Siku askari alipostaafu, alirudisha ufunguo. Niliwahi kuiona familia moja imekaa langoni juu ya magodoro yake, sufuria zimefungwa kwa shuka, watoto wamevaa nguo za kanisani ingawa ilikuwa Jumanne. Hawakuwa na pa kwenda. Baadaye tulisikia wamepanga chumba kimoja Namakwekwe, kule Mbale, watu tisa. Mama aliwapelekea chai langoni. Aliporudi aliweka birika chini, akasema, "Mimi sitakalia godoro langu nje ya lango."

Kwa hiyo barua ya baba ya kustaafu ilipokuja, ikisema ufunguo urudishwe mwisho wa likizo ya mwezi wa tano, sisi tulikuwa tumekwisha kuanza. Kiwanja tulikuwa nacho: kipande cha mteremko chini ya kibanda cha nyanya, mama yake baba. Shule zilipofungwa Desemba, mama na mimi tulipanda lori la mizigo hadi Mbale, na kutoka Mbale tukatembea, yeye na furushi la mukene kichwani, mimi na kalibu mbili za mbao za kufyatulia matofali.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na naweza kusema bila kujisifu sana kwamba nilijua kufyatua tofali kuliko wengi walionizidi umri. Udongo ulichimbwa palepale, ukamwagiwa maji, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ukaacha kunata kwenye vidole. Kalibu ulichovya majini, ukanyunyiza vumbi kavu ndani, ukatupa bonge la udongo kwa nguvu ili lijaze pembe, ukakata juu kwa kibao. Pembe ndizo zilizomtambulisha mfyatuaji. Tofali lenye pembe butu mama alilirudisha kwenye tope. Siku ya tatu tuliyasimamisha kwa ubavu, tukayafunika kwa nyasi ili jua lisiyapasue. Mama alikuwa Mteso, mtoto wa nchi tambarare. Mlima ulimtisha kidogo, lakini udongo aliujua.

Tulipika nje. Mukene wa Masese aliingia kwenye karanga za kusaga pamoja na malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi huko kwetu, na harufu yake ilipanda mteremko ikawaleta watu kuliko tarumbeta. Kijiji kilikuwa na desturi: tanuri la matofali likifunguliwa, kila nyumba hutoa mtu mmoja wa kusimama kwenye mstari. Mimi nilisimama kati ya mama na jirani yetu mmoja, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na matofali yakapita mkono kwa mkono kutoka tanurini hadi kiwanjani, bado yana joto. Yaliyoiva yalilia kama chuma ukiyagonganisha. Yale mabichi yalitoa sauti ya kukohoa, na jirani aliyapokea akisema, "Huyu apelekwe zahanati."

Baba alikuja Januari kwa likizo fupi, ili nyumba ipimwe yeye akiwepo. Aliipima kwa hatua za gwaride, kumi na mbili kwa tisa, mikono ikipanda hadi begani, huku fundi akimfuata kwa kamba na vigingi. Fundi huyo alikuwa Mwislamu wa Mbale mjini, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu cha laini. Kazi yote ilisimama kila alipotia udhu. Hakuwahi kujenga mlimani. Nyumba zake zilikuwa za mjini, kwenye ardhi iliyolala.

Baba akaweka alama ya mlango upande wa juu. Ulitazama njia, ukatazama kibanda cha nyanya, ukautazama mlima. Hakuna aliyepinga. Fundi aliona ni heshima kwa mama mzazi. Nyanya alifurahi, kwa sababu akiwa ameketi kwake angeona kila aingiaye na kila atokaye. Mama alidhani Wagisu, watu wa baba, ndivyo wanavyojenga. Mimi niliona inafanana na laini, nikaridhika.

Jirani tu ndiye aliyesimama na mtungi wake kichwani, akatazama vigingi, akatazama juu. "Afande," akasema, "huu mlima ukikuja kukusalimia, utaufungulia?"

"Mlima hauna miguu, mama," baba akajibu.

"Sawa. Utaona kama hauna."

Watu walicheka, na msingi ukachimbwa.

Nilirudi Jinja na baba kwa muhula wa kwanza. Mama akabaki na fundi. Tulipofika tena kwa likizo, mwishoni mwa Aprili, kuta zilikuwa zimefika linta. Nakumbuka tulivyosimama kwenye kona ya njia tukaiona kwa mara ya kwanza. Baba alivua kofia. Mama alitoka ndani, kupitia mahali pa mlango, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akasimama kizingitini kama mtu anayepigwa picha. Mabati yalikuwa yamekwisha kufika, yamelazwa kwenye kibanda cha nyanya. Kilichobaki kilikuwa kupaua. Tulikuwa na wiki nne kabla ya ufunguo.

Mvua ilikuja alasiri ya siku iliyofuata. Ilianza juu kabisa, tukaisikia kabla hatujaiona, kisha maji yakashuka njiani, ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba majani na kandambili moja. Hayakusita. Yaliingia kwa mlango wa mbele, yakajaza sebule, yakavuka chumbani, yakatafuta pa kutokea, yasipate. Matofali yalikuwa yamejengewa kwa udongo, si saruji, na kufikia jioni ukuta wa upande wa chini ulikuwa umelowa hadi magotini. Jirani alipita amejifunika gunia. Akatusaidia kuteka maji kwa beseni. Nilitamani atukumbushe alivyotuonya.

Baba aliamka akiwa na mpango. Alichimba handaki mbele ya mlango, refu kama nyumba yenyewe, kina cha kiuno, kuta zake zimenyooka kama za kitabuni, ncha zote mbili zimefungwa. Akaweka ubao wa kuvukia. Lilikuwa handaki zuri la kuzuia watu. Mvua ya pili ililijaza kama birika, likafurika, likamwaga yote sebuleni kwa mara moja.

Fundi alipita na timazi yake kwenye ukuta uliolowa. Ulikuwa umeinama upana wa kidole. "Afande, ncha za handaki tunaweza kufungua, maji yaende kwenye migomba," akasema. "Lakini mlango ukikaa hapa, kila mgeni atavuka mto. Na siku mfereji ukiziba, maji hayana njia nyingine ila hii. Ukuta mtupu wenye mawe chini utayahimili. Mlango hauhimili maji."

Mama alikuwa akikamua sketi yake. "Basi tuigeuze."

"Nyumba si askari," baba akasema. "Huwezi kuiambia nyuma geuka."

"Hii itageuka. Dirisha la chumbani, huko chini, litakuwa mlango. Mlango utakuwa ukuta. Chumba kiwe sebule, sebule iwe chumba."

"Na watu watasema nini? Nyumba imempa mama yangu mgongo."

Mama aliacha kukamua sketi. Nilimjua; alikuwa akiona magodoro langoni. Kisha akasema polepole, "Afande, huko laini ulikuwa unalala kwa mkubwa. Hapa mkubwa ni maji. Mpishe apite."

Baba alikunja mikono ya shati. Alikwenda akachukua sururu, akarudi, na yeye mwenyewe akapiga pigo la kwanza chini ya dirisha la chumbani. Katika mambo yote niliyomwona akiyafanya maishani mwake, hakuna linalonipa fahari kama hilo.

Ilikuwa kazi ya siku tisa. Waliangusha ukuta ulioinama mpaka kwenye msingi, wakaupandisha upya wenye mlango juu ya mawe ya mtoni, wakaegemeza mawe chini ya ukuta wa juu pia, wakiacha linta ya mlango wa zamani mahali pake, kwa kuwa fundi alisema ikiondolewa itavunja zaidi ya inachookoa. Pale palipokuwa mlango wakapaziba mwisho. Hayakuwepo matofali ya kutosha, hivyo mama na mimi tulirudi kwenye udongo, tukafyatua katikati ya mvua, tukayakausha kwenye uchaga juu ya moto wa kupikia. Ndiyo yale yaliyofifia rangi. Mtu akikuambia tofali la moshi halidumu, mlete kwetu.

Nyanya naye alikuwa amenuna. Alikaa kibandani na mgongo wake ameugeuzia upande wetu, ili tujue inavyouma. Siku ya kuziba mlango mama alipanda kwake, ingawa hawakuelewana vizuri kwa lugha, akamshika mkono akamshusha mpaka kwenye uwazi uliobaki. Akamketisha kwenye kigoda upande wa nje. Kisha akaingia ndani, akamwashiria fundi aache nafasi ya matofali mawili, sawa na uso wa nyanya. Kupitia tundu hilo akampitishia kikombe cha chai. Nyanya alikipokea, akanywa, akarudisha kikombe na kuomba sukari zaidi. Kidirisha hicho ndicho nilichokutajia mwanzo. Mpaka alipofariki, chai yake ya asubuhi ilipitia hapo, na habari zote za kijiji ziliingia ndani kwa njia hiyohiyo.

Mabati yalipigiliwa siku nne kabla ya mwisho wa likizo. Nilishika misumari, baba akishika ngazi. Tulirudi Jinja sote kufunga mizigo; siku ya ufunguo tuliondoka juu ya lori, na nilipolipita lango sikutazama chini. Mama alitazama. Alilitazama lango lile mpaka lilipofichwa na kona, kisha akaanza kuimba.

Ncha za handaki zilifunguliwa, kama fundi alivyosema. Sasa lilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na mlima, likipokea maji na kuyapeleka kwenye migomba, nayo ikazaa mikungu ambayo jirani alikuja kuipima kwa mikono yake. Baba aliishi akiwaambia wageni kwamba alikuwa amelipanga tangu awali. "Nilitangulia kulichimba," alikuwa akisema, "nyumba ikachelewa kugeuka." Jirani akiwepo aliuliza, "Na ule mlima, Afande, ulipata miguu?" Naye akajibu, "Miwili. Yote inapitia kwangu kwa ruhusa."

Siku hizi hakuna anayesimama kwenye mstari wa matofali. Matofali huletwa na gari, na mtu hushuka na kuyapanga huku akisikiliza simu yake. Kibanda cha nyanya kimekuwa shamba la mikaratusi. Fundi wa kwanza, jirani, baba na mama, wote wamelala ardhini. Hata sauti ya tofali lililoiva watoto wangu hawaijui. Niligonganisha mawili mbele yao wakaniuliza ni mchezo gani.

Fundi kijana alimaliza ukuta Ijumaa. Aliniuliza kama azibe kidirisha, maana hakina kazi. Nikamwambia akiache. Kisha nikachukua jembe nikaingia handakini kuondoa majani na udongo ulioporomoka, kama baba alivyofanya kila mwaka kabla ya mvua, kuanzia katikati kwenda kwenye ncha. Kuta zake bado zimenyooka.

Mvua ilifika siku ya pili, alasiri. Nilisimama ndani, nikachungulia kwenye tundu la nyanya. Maji yalishuka njiani, rangi ya chai ya maziwa, yakafika nyuma ya nyumba yetu, yakagawanyika pande mbili, yakapita.