Pine za mupya na mutoto ku mugongo

Mu Kamina yote, motari mwenye kunishinda hajazaliwa. Hata pikipiki yangu ya kubeba bantu inajua.

Leo nilifunga pine za mupya. Fundi akaniambia: «Weye petit, pine ya mupya inateleza. Uizoeshe polepole kwanza, usibebe muntu.»

Minyi niende polepole? Nikamucheka 😂

Hapohapo mama moja, bibi ya askari, akapanda na mutoto ku mugongo. Tunaenda ku base ya baaskari.

Ku kona ya parokia nikalalisha pikipiki vile nimezoea.

Pine ya nyuma ikakimbia. Tukaanguka mu muchanga, bote batatu.

Mutoto hakulia.

Bandugu, nilikuwa nangoja tu alie.

Mama akamutoa mu kitenge, akamuita, akamuita tena. Njo akalia! Sijawahi kupenda kelele hivi.

«Baki na pikipiki yako, weye kijana,» mama akasema. Akaenda kwa miguu.

Haya, mucheke, munitukane.

Bantu bote banalaumu pine, na minyi nilikubali nao. Lakini pine haina kosa. Mbele ya kutoka kwa fundi nilizipakaa mafuta ya motere, ya injini, ili zing'ae machoni pa bamotari benzangu.