Mihogo ya Nikodemu Msituni

Veneranda wa Mwamgongo ni mlinzi wa msitu wa kijiji, na akikuta mtu na panga mlimani, sauti yake inafika mpaka ziwani. Miaka minne iliyopita wachoma mkaa walifyeka mteremko mzima. Mama wa watu akaanza kuviuguza visiki: kila kimoja anakiachia chipukizi moja lenye nguvu, analifunga utepe wa kitenge. Wakamcheka eti anavisha miti nguo. Wacha wacheke!

Hivi karibuni alikaa mjini, Buzebazeba, miezi miwili, akimlea mjukuu. Alirudi jioni, na asubuhi yake boti ikamshusha Frida, afisa misitu, na picha ya setilaiti. Mteremko umeonekana kipara.

"Shikamoo mama. Mataifa yamekubaliana hivi: miti ikikatwa ikaota tena, kwenye hesabu ya hewa ukaa pale bado ni msitu. Pakilimwa, msitu umefutwa, napatoa kwenye hesabu ya kijiji."

"Marahaba. Pale halimi mtu," alisema Veneranda, akapanda kifua mbele. Mumewe Nikodemu akafuata na maji ya mgeni.

Kufika juu, lo! Katikati ya visiki, mistari minne ya mihogo, imenawiri kweli kweli. Veneranda akaisogelea. Miaka minne yote bure! Na mistari ile iliyonyooka aliijua. Kijiji kizima anayepanda mihogo kwa kamba ni mmoja tu.

"Mama Samson," Nikodemu alimnong'oneza mkewe kwa aibu, "unashinda huku na njaa. Nikasema ukirudi ukute walau kisamvu."

Veneranda angeweza kusingizia jirani. Hakutaka; akamwambia Frida: "Mwanangu, andika unachokiona. Kalima mume wangu."

Frida akauliza, "Na mihogo itabaki?"

Nikodemu alishainama, anang'oa mstari wa kwanza kwa mikono miwili, akaendelea hadi wa nne. Frida akaanza kuhesabu tepe za kitenge, akafika mia mbili na kumi na mbili, machipukizi membamba yasiyoonekana kutoka angani, ila mengi yamempita kimo. Akaandika: msitu, unaota tena. Veneranda alipiga vigelegele mpaka wavuvi ziwani wakaitikia. Mchana walikula kile kisamvu kwa mawese na samaki wa migebuka, Frida akaongezwa mara mbili.

Siku hizi Nikodemu hupanda mlima kila adhuhuri na hotipoti, chakula kimeshapikwa. Hula pamoja, wamekaa chini. Kukalia kisiki mzee haruhusiwi.