Vitambaa Vyekundu Kijitoni kwa Bi Lorene

Nicodème aliliona gari la Bi Lorene kando ya kijito kabla hajazima la kwake. Bi Lorene hakuwa na kawaida ya kushuka huku bondeni. Alikuwa mjane mwenye magoti mabovu, mwenye shamba lote hili la kusini mwa mji wa Cedar Hill, na kipande cha chini alimkodisha Nicodème alime lengalenga, mchicha wa kwao, na bilinganya nyeupe za kuwauzia Warundi wenzake kanisani. Sharti alimpa moja tu, tena kwa kumnyooshea kidole: miti ya kijitoni isikatwe.

Nicodème hakuikata. Aliitoboa.

Tundu moja kila mti, jembamba kama kidole cha mtoto, kisha kimrija na ndoo. Mambo yalianzia kule mjini Euless, hotelini anakoosha vyombo. Kila asubuhi sahani zilirudi zinanata shira ya maple, naye akawa anajiuliza ni mti gani huo unaotoa asali bila nyuki. Nderitu, Mkenya dereva wa malori anayefika hadi majimbo ya kaskazini, ndiye aliyemfungua macho. Maple yenyewe huku haipo, alisema, ila nduguye mdogo anaota kando ya vijito. Usiku ukiganda na mchana jua likawaka, umgeme kama wanavyogema mnazi, uchemshe maji yake, utaona.

"Lakini mama mwenye shamba umemwambia?" Nderitu aliuliza.

"Nitamwambia."

"Lini, mzee? Jamaa wa kabla yako aliangusha mti mmoja tu wa kuni. Kesho yake akakuta kufuli getini, nyanya zake zikaozea ndani. Wewe umetoboa msitu mzima, bado unaniambia nitamwambia."

Nicodème alicheka kidogo. Kwa kweli alikuwa amekwenda hadi mlangoni kwa Bi Lorene zaidi ya mara moja. Aliinua mkono abishe, Kiingereza kikamkimbia, akarudi garini. Katika kambi ya wakimbizi alikokulia aliwahi kumwona jirani akiburutwa kwa kuchuna gome la mti usio wake, na sura ya yule jirani ilimrudia kila alipoinua mkono ule.

"Wewe mtu akikukanyaga," mkewe Marie-Rose alimwambia, "unangoja auondoe mguu mwenyewe."

Sasa Bi Lorene alikuwa amesimama katikati ya miti, ameshika mkononi kitambaa chekundu. Vitambaa hivyo Nicodème alivichana kutoka kitenge kilichochakaa cha Marie-Rose, akavifunga wakati majani bado yapo, ili yakipukutika asije akatoboa mti wa aina nyingine. Tena kwao, mti wenye mzinga ukifungwa kitambaa chekundu, mpita njia anajua una mwenyewe, haugusi.

"Yote hii unataka kuikata?" Bi Lorene aliuliza. Aliongea polepole, kama mtu anayejizuia. "Wakata miti walifunga tepe nyekundu hivi hivi kwenye miti ya jirani yangu. Baada ya hapo ikaja misumeno. Hakikubaki hata kivuli."

Bi Lorene aliinama, akagusa kimrija, akaona tundu. Akilini Nicodème aliona shamba lake la lengalenga likiota magugu nyuma ya geti lililofungwa, akaona na ndoo zikijaa bila mtu wa kuzichukua.

Alikimbia garini. Alirudi na chupa ya shira aliyoichemsha Jumamosi, nyeusi kuliko ile ya hotelini. Alimimina kwenye kifuniko, akanywa kidogo yeye kwanza, kama inavyompasa kwao mtu anayemkaribisha mwenziwe kinywaji.

"Kumbe hukuniletea mimi," Bi Lorene alisema. "Umejiletea mwenyewe."

"Mimi kwanza," Nicodème alijibu kwa Kiingereza chake, na katika maneno yote aliyokuwa akiyatafuta likamtoka moja tu. "Sumu."

Bi Lorene alirudi nyuma hatua moja.

"Hapana sumu," Nicodème alisema haraka. "Hapana. Mimi kunywa, wewe kuona, hapana sumu. Mti hapana kufa. Hapana kukata."

Bi Lorene alichukua kifuniko, akaonja kwa ncha ya ulimi, akaonja tena.

"Umeiunguza," alisema.

"Ndiyo."

"Na hiki kitambaa maana yake nini?"

"Mtu asiguse. Mti una mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Nicodème alimwonyesha yeye kwa kiganja chote. Bi Lorene alitia kitambaa mfukoni, akaibeba chupa, akaondoka akichechemea. Dirishani mwa gari lake alisema neno moja tu: atafikiria.

"Kama amechukua chupa, hana hasira," Marie-Rose alisema jioni ile walipokuwa mezani.

"Au amewapelekea polisi waipime."

"Kula, Baba Mélissa."

Hakula. Kulipopambazuka alikuwa barabarani, akiendesha kama mtu anayekwenda kuchukua majibu ya daktari. Getini kuna mti mkubwa wa njugu za pekani ambao hakuwahi kuugusa, na shinani mwake palikuwa pamefungwa kitambaa chekundu, chake kile kile. Alisimamisha gari. Hakujua Bi Lorene amekifunga kwa lugha ya nani. Kama ni ya kwake mama, basi huu mti unakatwa, na yeye pamoja nao. Alikaa ameshika usukani, hathubutu kutazama mnyororo wa geti.

Mwishowe alitazama. Ulikuwa unaning'inia, hauna kufuli. Na chini ya kitambaa, kwenye mizizi, ilisimamishwa chupa yake. Ilikuwa tupu, imeoshwa ikang'aa, na kifuniko chake juu, kama chupa inayorudishwa ijazwe tena.

Nicodème aliangalia huku na huku kama mwizi. Kisha alishuka, akaiokota ile chupa, akasukuma geti kwa bega.