Gari lililogoma Msimbu

Kisa hiki alinisimulia kwanza baba mdogo, nyumbani kwake Kibaha, Idi ya mwaka juzi. Gari lake la kuwasha kwa kitufe halikumsumbua popote, ila akitaka kuondoka kwa mama yake Msimbu, mara linawaka, mara linagoma. Fundi alibadilisha betri, kisha starta. Wapi! Baba mdogo akaanza kusita kwenda kumwona mama yake.

Mwisho fundi akafuatana naye. Wakati wa kuaga, bibi alishika mlango wa gari akaanza dua. Baba mdogo, mguu wa kulia ungali nje, kichwa chini, aliitikia "amina" huku akibonyeza kitufe. Kimya.

"Mzee, haliwaki bila kukanyaga breki."

"Nikae kitako mama ananiombea?"

"Basi ndiyo maana linawaka siku bibi yuko shamba, hakuna dua."

Bibi akauliza, "Kwa hiyo ubovu ni dua yangu?"

 

Baba mdogo yupo, fundi yupo. Bibi ametangulia mbele ya haki. Msimbu gari linawaka kila mara, ila baba mdogo hukaa kwanza kidogo, mguu nje.