Madirisha Meusi ya Masika

Harufu ya sufu iliyolowa ikikauka juu ya mvuke wa birika: hiyo ndiyo harufu ya mwaka ule. Wenzangu wa rika moja, ukiwauliza habari za vita, watakutajia baruti, au mafuta ya magari ya askari waliokuwa wakipita kuelekea Beni. Mimi nakumbuka sufu. Barabara zilikuwa zimefungwa na uzi mpya haukufika tena Butembo, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, kwa hiyo sisi wasichana wa foyer, nyumba ndogo ya matofali nyuma ya kanisa letu tulikofundishwa kazi za mikono, tulikusanya masweta makuukuu tukayafumua kuanzia ukosi hadi pindo. Uzi uliotoka tuliuzungusha kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa, kisha tukaupitisha juu ya birika mpaka mikunjo ya zamani ikalegea. Sindano zetu zilikuwa spoki za baiskeli, tulizozinoa juu ya jiwe tukachomeka kizibo cha chupa upande wa pili. Asubuhi za Butembo zina ukungu mzito, na spoki hushika baridi kama barafu, hivyo kabla ya kuanza tulizibana kwapani, wasichana kumi na mmoja tumekaa kwenye mabenchi mikono imefungwa kifuani kama tuliogombana.

Nayasema haya nikiwa na diploma ya ushonaji na mapambo ya nyumba niliyoipata Kampala. Imo kwenye fremu ukutani mwa karakana yangu, na kila mteja anaiona kabla hajaniona mimi. Sikurithi kitu. Hakuna mjomba aliyenisukuma, hakuna mume aliyenifungulia mlango. Leo ukiingia katika salon, yaani sebule, za watu waliojenga ghorofa hapa mjini, vitambaa vinavyofunika viti, mapazia na mito ni kazi yangu au ni mwigo wa kazi yangu. Najua thamani yangu na sioni sababu ya kuinamisha kichwa ninapoitaja. Lakini diploma ile mizizi yake iko kwenye foyer ile, na jambo lililonitoa pale sitalipaka rangi.

Mwalimu wetu tulimwita Mama Monitrice, mwanamke mrefu aliyenyoosha kosa la mwanafunzi kwa kumgonga na spoki juu ya vidole. Siku moja alituletea ukurasa mmoja wa gazeti la kale la Kifaransa, ulioachwa na masista wazungu, umekunjwa mara nyingi hata mikunjo imekuwa matundu. Ulikuwa na picha ya chumba cha ajabu: pazia jeusi, kitambaa cheusi cha meza, vitambaa vyeusi migongoni mwa viti, vyote vimefumwa kwa umbo la madirisha marefu ya kanisa la Ulaya yenye ncha juu, na katikati dirisha la mviringo lenye petali kama ua. Chini paliandikwa neno gothique. Sisi tuliozoea vitambaa vyeupe vya maua na njiwa tulitazama kama waliofunguliwa kaburi. Mama Monitrice alisema, "Hii ndiyo kazi ya batu bakubwa. Mwenye atafuma hii, mikono yake itajulikana mpaka Beni."

Hakusema hivyo bure. Shule ya coupe-couture, ya kukata na kushona nguo, ya Beni ilikuwa imekubali kupokea msichana mmoja kutoka kwenye foyer yetu. Mmoja tu. Angelala kwa familia ya mchungaji, angesoma, angetoka na cheti. Mkaguzi angekuja baada ya Pasaka kutazama kazi zetu, lakini jina lingeandikwa na Mama Monitrice. Kwangu halikuwa suala la cheti peke yake. Baba alikuwa amekufa, na baba mdogo alikuwa ameshasema mbele ya mama kwamba baada ya mavuno ningepelekwa Vuhovi kwa mtu aliyeniomba, mzee aliyefiwa na mke, mwenye mashamba ya maharage na watoto wakubwa kunizidi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ama Beni, ama jembe la mzee yule.

Na mbele yangu alikuwepo Masika, rafiki yangu, tuliyekaa naye benchi moja na kugawana birika moja. Mikono yake sijapata kuona mfano wake tena, hata Kampala. Wakati sisi tukihesabu vitanzi kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza, yeye alifuma huku akiimba na kutazama nje. Ncha ya dirisha la gothique hupatikana kwa kupunguza vitanzi pande zote mbili kwa usawa, safu baada ya safu, hadi kibaki kimoja juu. Ukikosea upande mmoja, dirisha linainama. Yangu yaliinama yote.

"Weye Kahindo," Masika aliniambia huku benchi zima likisikiliza, "kanisa yako imelewa."

"Iko inasujudu," nikajibu.

"Inasujudu? Lakini hata pasta ataogopa kuingia. Itamwangukia!"

Wakacheka wote, hata Mama Monitrice. Jioni Masika alikuja kwetu akanishika vidole akanionyesha jinsi ya kupunguza, mara moja, mara kumi, bila kuchoka. Ndivyo alivyokuwa. Angekudhihaki mchana na kukufundisha jioni, na yote mawili aliyafanya kwa moyo mmoja. Mimi nilikumbuka dhihaka tu.

Tatizo letu lilikuwa uzi mweusi. Masweta tuliyofumua yalikuwa ya kijani, ya buluu ya shule, ya kahawia ya askari. Wengine tulichemsha uzi na matope meusi ya bondeni, ukatoka wenye rangi ya jivu chafu. Masika peke yake alikuja na uzi mweusi ti, laini, mwingi. Alifuma kitambaa kikubwa cha mgongo wa kiti: madirisha saba yenye ncha, na juu yake ua la mviringo la petali kumi na mbili, kila petali lina tundu katikati. Mama Monitrice alikitazama kwa muda mrefu, akakipeleka nyumbani kwake, akakiweka kwenye kiti kikubwa cha salon, kiti cha mume wake. Hapo nilijua jina litakaloandikwa.

Wiki hiyohiyo, tukiwa peke yetu tunachota maji, nilimwuliza alikopata uzi. Akaangalia nyuma.

"Usiambie mutu."

"Miye nitaambia nani?"

"Iko jaket ya sufu ya mama. Ile ya matanga ya baba. Banamaliza matanga, bakasema anapaswa kuichoma. Nikaificha. Nilifua mara tatu, Kahindo. Mara tatu."

Msomaji wa mbali anaweza asielewe uzito wake. Kwa akina mama wa mtaa wetu, nguo ya matanga ikishavuliwa huchomwa, au hutupwa mtoni mbali na watu. Hairudi chini ya paa. Anayeileta kwenye nyumba ya watu walio hai analeta kilio. Wakristo tulikuwa, tulisali, lakini hakuna mama hata mmoja ambaye angekubali kuikalia. Masika alijua. Alipenda tu uzi ule kuliko alivyoogopa mambo hayo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikambebea dumu lake mpaka kwao.

Siku tisa baadaye mume wa Mama Monitrice aliuawa. Alikuwa dereva wa lori kati ya Butembo na Beni, na lori lake lilipigwa risasi njiani, na waasi gani hatukujua, kwa sababu wakati ule walikuwa wa majina mengi na bunduki zilezile. Walimleta juu ya magunia ya kakao. Nilikwenda msibani na wasichana wote wa foyer. Viti vilikuwa vimetolewa nje na vitambaa vyeupe vimevuliwa, kama desturi, lakini kile kiti kikubwa kilikuwa kizito, kikabaki ndani na kitambaa chake cheusi, na marehemu akalazwa mbele yake. Akina mama waliokuwa wamekaa kwenye mikeka wakaanza kukiangalia. Mmoja akauliza, si kwa ukali, kwa kushangaa tu: "Hii kitu nyeusi, nani aliiweka hapa mbele ya kifo kuja?"

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniangalia mimi. Masika alikuwa karibu na mlango, amebeba bakuli la maji ya kunawa. Nilisema, kwa sauti ya mtoto mwenye adabu, "Mama, ni uzi ya matanga. Masika aliifumua kwa jaket ya mama yake."

Sikusema uongo. Neno hilo nimelishikilia miaka yote.

Nyimbo zilikatika. Mama Monitrice alikuwa ameketi miguu imenyooshwa, kitambaa kimefungwa kichwani, macho yamevimba. Akageuka polepole.

"Masika. Ni kweli?"

Masika hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na alipoona kwamba siondoi macho, akaweka bakuli chini. "Ni kweli, mama. Lakini nilifua."

Hawakumpiga. Nimewahi kufikiri kwamba kipigo kingekuwa chepesi zaidi. Mama Monitrice alivuta kile kitambaa kitini, akamrushia, akasema, "Toka nacho nje. Kifumue. Miye nione." Na Masika akakaa uwanjani chini, mbele ya waombolezaji wote na mama yake mwenyewe aliyejifunika uso, akatafuta ncha ya uzi akavuta. Kazi ya miezi miwili hufumuka upesi. Ua lilikwenda kwanza, petali moja baada ya nyingine, halafu madirisha, kuanzia ncha. Sufu ilimrundikia mapajani. Kila alipojaribu kusimama kufuta uso, sauti ya Mama Monitrice ilitoka ndani: "Bado." Mimi nilisimama na wenzangu na nilitazama hadi kitanzi cha mwisho, na nakiri kwamba nilichoona zaidi ni jinsi alivyokuwa ameanzisha ule mviringo. Kumbe siri ilikuwa hapo. Nikaishika.

Uzi waliuchoma nyuma ya jikoni. Foyer Masika hakurudi. Mkaguzi alipofika, jina lilikuwa langu.

Yule mzee wa Vuhovi hakukosa mke. Mwaka uliofuata, mama yake Masika, ambaye majirani waliacha kununua mboga zake, alimwozesha Masika kwa mzee huyo. Nilipata habari hiyo Beni, kwenye joto, nikiwa mbele ya cherehani, na nikaendelea na mshono.

Cheti cha Beni kilinifikisha Kampala, na niliporudi Butembo na diploma nilikwenda Vuhovi, nimevaa vizuri, kwenye pikipiki. Nilimkuta akipanga vitunguu vya kupeleka sokoni, mwembamba, meno mawili hayapo.

"Ah, Madame Diplôme! Karibu. Kaa, kama rinda yako inakubali udongo."

Nikamwambia njoo ufundishe kwangu, utakuwa na chumba chako. Alicheka, si kwa uchungu.

"Nifundishe nini? Hata sweta ya batoto ninanunua. Mikono ilisahau, Kahindo. Niliikataza." Akaendelea kufunga vitunguu. "Ulikuja ili nikuambie imeisha? Haiko imeisha. Enda muzuri."

Leo uzi umejaa madukani, wa kila rangi. Wasichana ninaowafundisha wana sindano za chuma cha kweli, wanatazama mitindo kwenye simu, na shule za ushonaji ni nyingi kiasi kwamba hakuna anayelazimika kumtoa mwenzake ili aingie. Ndiyo maana ni wapole, na ndiyo maana wanapenda kuniuliza, wakishasikia habari hii, kama najuta. Wanasubiri niseme ndiyo. Lakini wao hawakukaa kwenye benchi lile. Pale palikuwa na nafasi moja na mzee mmoja, na wasichana wawili wa kugawana. Nikirudishwa leo kwenye msiba ule, nikiwa na miaka kumi na minne na madirisha yangu yameinama, ningesema tena, na nisingengoja mtu aulize.